Naigeuza Kura Yangu

Msomaji mpenzi, keti kitako nikusimulie kisa ambacho nimekibeba moyoni tangu kidato cha kwanza. Nakiandika kwa sababu mbili. Kwanza, nina deni kwa chama chetu cha Kiswahili. Pili, nina deni kwa mtu mmoja ambaye hawezi kulisoma jarida hili peke yake. Huyo nitamsomea mwenyewe, polepole, sentensi moja moja.

Wenye kumbukumbu nzuri hawajausahau mjadala wetu wa muhula wa kwanza wa mwaka 2023. Bwalo lilikuwa limejaa pomoni, hata wapishi walikuwa wamesimama madirishani. Mada ilikuwa hii: "Ngeli za Kiswahili ni mzigo usio na faida, zifutwe." Mimi nilikuwa mgeni wa wiki chache tu shuleni, nami nikapangwa upande wa kuunga mkono. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikakohoa kidogo mithili ya wakili, nikaanza:

"Bwana mwenyekiti, mtunza saa, na wanachama wenzangu. Mtu akikuambia 'kitabu yangu imepotea', je, hukumwelewa? Kwani utatoka mbio kwenda kumtafutia kiatu?"

Bwalo zima lilipasuka kwa kicheko. Nilipoona upepo unavuma kwangu, nikaongeza tanga. "Maana ndiyo mkate," nikasema, "na sarufi ni karatasi tu ya kufungia mkate. Nani kati yenu hula karatasi?"

Bwana wee! Vijiko viligongwa kwenye meza, na tulishinda kwa kura nyingi. Mlezi wa chama hakugonga meza wala hakukasirika. Alitabasamu tu, akaniambia nilipokuwa nikitoka, "Umesema vizuri. Sasa ngoja dunia ikufunze." Nilidhani ni maneno ya mwalimu aliyeshindwa. Kumbe wahenga walilonga wakamaliza: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Ulimwengu haukukawia. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, shule zilipofungwa, nilikwenda nyumbani Kisauni, Mombasa. Babu yangu ni fundi seremala. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, na tangu utotoni nimelala nikisikia msumeno na kuamka nikisikia randa. Lakini sifa yake kubwa mtaani haikuwa mbao. Ilikuwa ni ulimi. Babu alikuwa mtu wa kusema. Ukikosea neno mbele yake, alikurekebisha kabla hujafunga mdomo. Ukisema "miguu yake ni mrefu", alikuuliza, "Miguu ni mingapi, mjukuu wangu, hata ukaifanya mmoja?"

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, alikuwa ameketi barazani akinywa kahawa. Kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Nyanya alidhani ni mkono wa uzee, akainama kuokota vigae. Alipoinua uso, mdomo wa Babu ulikuwa umepinda upande mmoja, naye anajaribu kusema jambo na maneno hayaji. Alikuwa amepigwa na kiharusi.

Alikaa hospitalini wiki tatu. Mimi nilirudi shuleni kabla hajatoka. Nilipomwona tena likizo iliyofuata, mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na ule ulimi wetu wa mtaa ulikuwa umegeuka kitu kingine kabisa. Alikuwa akisema hivi: "Chai... moto... leta." Au: "Randa... wapi?" Majina ya vitu alikuwa nayo. Vitenzi alikuwa navyo kiasi, lakini vikiwa mashina matupu: leta, lala, toka, funga. Hapakuwa na "niletee", wala "nimelala", wala "wametoka". Vile viambishi vidogo ambavyo sisi huvitamka bila hata kuvifikiria vilikuwa vimemwagika vyote siku ile pamoja na kahawa. Ilikuwa kana kwamba fundi ameachiwa mbao zake zote karakanani, ila amenyang'anywa misumari na gundi.

Hata hivyo, sote nyumbani tulikuwa tukiambiana jambo moja la kutupa moyo: "Anaelewa kila kitu, ila kusema ndiko hawezi." Na ushahidi tulikuwa nao. Ukimwambia, "Babu, chai imemwagika," aliuvuta mguu wake. Ukimwambia, "Dirisha limefungwa na upepo," aliligeukia dirisha. Tukaridhika. Hatukujua kwamba tulikuwa tumesimama juu ya ubao uliooza.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kosa langu.

Babu alikuwa na mwanagenzi wake, kijana ambaye mtaa mzima humwita Fundi Mdogo. Alikuwa amekaa na Babu miaka sita, akaanza kwa kufagia maranda hadi akaweza kutengeneza kabati peke yake. Babu alipougua, kijana huyu ndiye aliyeifungua karakana kila siku, na kila Jumamosi jioni alimletea Nyanya pesa za matumizi mkononi, bila kuombwa. Almuradi, sisi tulikuwa tukila kwa jasho lake.

Desemba ya mwaka 2023, mteja mmoja aliagiza kitanda cha mvule. Akalipa nusu, akakichukua kitanda kwa ahadi ya kuleta nusu iliyobaki kesho yake, kisha akazima simu. Mimi kwa wepesi wangu wa kupeleka habari nilitoka mbio hadi barazani, nikamwambia Babu kwa pumzi moja:

"Babu, Fundi Mdogo amedhulumiwa na mteja wa kile kitanda cha mvule!"

Uso wake ukabadilika. "Dhulumu?" akauliza.

"Naam, Babu."

Akanitazama sana. Kisha akasema, neno baada ya neno, kwa taabu: "Fundi... dhulumu... mteja?"

Nami nikajibu, "Ndiyo, Babu. Pesa zote za mbao zimekwenda."

Msomaji mpenzi, lisome tena swali la Babu, kisha ulisome jibu langu. Mimi nilisikia katika maneno yake ile maana niliyokuwa nayo kichwani. Yeye alisikia katika jibu langu ile aliyokuwa nayo kichwani mwake. Maneno yalikuwa yale yale matatu, na wote wawili tulikuwa tunayajua vizuri. Lililokosekana ni jambo dogo tu lenye kutuambia nani alimfanyia nani.

Jioni ile ilikuwa Jumamosi. Fundi Mdogo akaja na pesa zake kama kawaida. Babu hakuipokea salamu yake. Alinyoosha mkono wa kushoto, akasema, "Funguo!" Kijana akampa, akidhani anataka kuingia karakanani. Babu akazitia mfukoni, akasema, "Toka!"

Nyanya alishtuka. "Mume wangu, kijana huyu amekukosea nini?"

"Dhulumu," akasema Babu, na sauti yake ikitetemeka. "Haramu."

Nyanya akamgeukia yule kijana. "Mwanangu, umefanya nini?"

"Wallahi, Mama, sijui," akasema Fundi Mdogo. Alisimama pale uani kwa muda, halafu akaondoka. Karakana ikafungwa siku tano. Na mnajua mitaa yetu ilivyo, habari haina mguu lakini hukimbia. Kufikia siku ya tatu watu walikuwa wanasema ati Fundi Mdogo alikuwa akimwibia mzee mgonjwa.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa pale pale. Nilifikiri Babu amemkasirikia kwa kukitoa kitanda kabla ya kulipwa. Haikunipitikia hata kidogo kwamba moto ule niliuwasha mimi, tena kwa sentensi iliyokuwa sahihi kabisa kisarufi.

Siku ya sita ilikuwa zamu yangu kumsindikiza Babu na Nyanya kliniki. Mtaalamu wa matatizo ya usemi, mama mmoja mpole, aliweka picha mezani mbili mbili, akawa anasema sentensi na Babu anaonyesha picha inayofaa. "Mkate unaliwa na mtoto." Babu akaonyesha sawasawa. "Nyasi zinakatwa na mzee." Sawasawa tena. Nyanya akanikonyeza, kama kusema, si tulijua?

Kisha mtaalamu akasema, "Mbwa anafukuzwa na paka." Picha moja ilionyesha paka akimfukuza mbwa, ya pili ilionyesha mbwa akimfukuza paka. Babu bila ya kusita aliweka kidole juu ya mbwa anayefukuza. "Msichana anasukumwa na mvulana." Akaonyesha msichana anayesukuma. Mtaalamu akabadilisha: "Mbwa anafukuza paka." Hapo Babu akapata.

"Mnaona?" akatuambia. "Mzee anayashika maneno yenye uzito: mbwa, paka, fukuza. Kisha anayapanga kwa akili ya maisha. Mkate haumli mtoto, kwa hiyo hapo hapotei. Lakini mbwa na paka wote wanaweza kufukuza. Hapo kinachotuambia nani ni nani ni ile 'w' ndogo ndani ya kitenzi na 'na' inayofuata. Hiyo ndiyo haimfikii. Basi anamchukua wa kwanza kutajwa kuwa ndiye mtendaji."

Kijasho chembamba kilinitoka. *Amedhulumiwa na.* Mteja anaweza kumdhulumu fundi, na fundi anaweza kumdhulumu mteja. Maisha hayawezi kukuambia ni yupi. Ni sarufi peke yake iwezayo, na sarufi ndiyo niliyoiita karatasi ya kufungia mkate.

Ndani ya matatu nilimweleza Nyanya kila kitu. Alinyamaza kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi utayasema wewe mwenyewe, kwa kinywa chako." Tulipofika alimwita Fundi Mdogo. Akaja akiwa amenuna, na haki alikuwa nayo. Nilipiga magoti mbele ya Babu. Nilikuwa nimejifunza kitu kule kliniki: sentensi fupi, mtendaji kwanza, na vitu vya kushika. Nikaweka nyundo sakafuni, nikasema, "Huyu ni Fundi." Nikaweka kopo tupu la rangi, nikasema, "Huyu ni mteja." Kisha nikalisukuma kopo hadi likaigonga nyundo. "Mteja amedhulumu. Mteja amedhulumu Fundi. Fundi hana kosa."

Babu aliitazama ile nyundo kitambo kirefu. Halafu aliingiza mkono wa kushoto mfukoni, akatoa funguo, akazitia katika kiganja cha Fundi Mdogo na kumkunjia vidole kimoja kimoja. Akasema, "Mimi... kosa."

Fundi Mdogo akafunika uso. Ile haikuwa sentensi. Haikuwa na kitenzi, wala kiambishi, wala upatanisho wa aina yoyote. Lakini hakuna mtu pale uani ambaye hakuielewa. Hapo maana iliibeba sarufi mgongoni, kama mtu anavyombeba mwenzake aliyevunjika mguu.

Shule zilipofunguliwa nilikwenda moja kwa moja kwa mlezi wa chama, nikamsimulia. Hakusema "si nilikuambia". Alinipa vitabu viwili vya isimu, akanieleza pale nilipokwama. Humo nilikuta kwamba Babu hakuwa wa kwanza. Mwaka 1861 daktari mmoja wa Ufaransa, Paul Broca, alimpata mgonjwa aliyeweza kutamka karibu silabi moja tu, "tan", na baada ya kifo chake akaonyesha kwamba sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo wake ilikuwa imeharibika. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, ndiyo sababu mkono wa Babu na maneno yake yaliondoka siku moja. Ugonjwa wa namna hiyo wa lugha huitwa afasia. Kwa zaidi ya miaka mia moja wengi waliamini kama tulivyoamini sisi nyumbani, kwamba wagonjwa hawa huelewa karibu kila kitu ila hawawezi kusema. Mwaka 1976 Alfonso Caramazza na Edgar Zurif waliwapima kwa sentensi ambazo maisha hayakusaidii kuzifungua, kisha kwa zile ambazo maisha hukusaidia. Katika zile za pili wagonjwa walielewa. Katika zile za kwanza walibahatisha tu. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwanza.

Wataalamu wana majina ya mambo haya mawili. Namna maneno yanavyopangwa na kupatana katika sentensi huitwa sintaksia. Maana yake huitwa semantiki. Nilidhani ni mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Kumbe ni kama miguu miwili ya mtu: ukiwa mzima huwezi kusema ni upi unaokupeleka sokoni. Hata ubongo una namna ya kulalamikia kila mmoja. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard, nchini Marekani, walipima umeme wa ubongo wa watu wakisoma sentensi. Neno lisiloleta maana lilipotokea, mfano wa mtu kukuambia "Baba alikunywa chai kwa msumari", wimbi la pekee lilionekana katika muda wa kama sehemu 4 za 10 za sekunde. Baadaye, mwaka 1992, Lee Osterhout na Phillip Holcomb wakaeleza wimbi jingine, la mnamo sehemu 6 za 10 za sekunde, ambalo huja muundo wa sentensi unapokwenda kombo. Yaani kichwani mna kengele mbili, na kila moja ina mlio wake.

Lakini mwalimu wangu mkubwa kuliko vitabu alikuwa kitinda mimba wetu. Wakati wa mkasa huu alikuwa na miaka miwili na miezi tisa. Yeye naye alikuwa akisema, "Babu lala," na "Kiatu angu," na "Chai moto." Ungemsikia yeye na Babu wakizungumza barazani, ungedhani wamefundishwa lugha moja. "Moto," mtoto akisema. "Moto... pole," Babu akijibu. Mwanaisimu Kamil Ud Deen alichapisha kitabu kizima mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, naye aliona jambo hilo hilo: watoto huviacha baadhi ya viambishi vya kitenzi. Basi wawili hawa walikuwa wamekutana kwenye kipandio kimoja cha ngazi, ila mmoja alikuwa anapanda na mwingine ameteremshwa kwa nguvu.

Nilitaka kujua anapandaje. Likizo ile ile jirani alileta kobe, kitu ambacho mtoto hakujua jina lake. Nikamweka kobe mkekani, na kando yake nikaweka patasi ya Babu, ambayo pia hakuijua jina. Nikabuni neno lisilokuwako: kigopu. Nikamwambia, "Nionyeshe, kigopu amelala." Akaonyesha kobe. Siku nyingine nikamwambia, "Nionyeshe, kigopu kimelala." Akaonyesha patasi. Nilijaribu mara sita kwa siku tofauti, akapata mara tano. Ninajua kwamba mtoto mmoja na kobe mmoja si sayansi. Lakini hebu fikiria: neno lenyewe halikuwa na maana yoyote duniani. Maana ilitoka katika "a" na "ki", basi. Mtoto ambaye hata "changu" hawezi kuitamka alikuwa tayari anasikia kwamba chenye uhai huitwa "a", hata kama jina lake linaanza kwa "ki". Nilipomjaribu Babu kwa mchezo huo huo, alicheka, akagusa kobe, akagusa na patasi.

Baadaye niliona katika vitabu kwamba Roger Brown alifanya mchezo wa namna hii mwaka 1957. Aliwaonyesha watoto wa Kimarekani picha ya mikono ikifanya kitendo fulani kwa kitu kilichomo ndani ya chombo, akatumia neno la kubuni. Neno lilipowekwa mahali pa kitenzi, watoto walilichukua kuwa ni kitendo. Lilipowekwa mahali pa nomino, walichagua chombo, au kile kilichomo, kulingana na jinsi lilivyotumiwa. Tangu hapo wataalamu wanajadiliana kama sisi bwaloni. Steven Pinker alieleza mwaka 1984 kwamba mtoto huanza na maana: anaona nani anatenda na nini kinatendwa, kisha kwa hiyo anaufungua muundo. Lila Gleitman akasisitiza mwaka 1990 kwamba njia ya pili nayo ipo: muundo wa sentensi humsaidia mtoto kukisia maana ya kitenzi asichokijua. Nikimtazama kitinda mimba wetu, naona anapanda kwa mikono yote miwili, mmoja ukishika, mwingine ukitafuta pa kushika.

Na lugha yetu humpa vishikio vingi. Katherine Demuth aliyechunguza watoto wa Lesotho, ambao lugha yao ya Kisotho ni binamu wa Kiswahili, alionyesha mwaka 1989 kwamba wao huanza kutumia kauli ya kutendwa mapema kuliko watoto wa Kiingereza. Wanaisikia mara kwa mara vinywani mwa wazazi, nao wanaishika. Ile ile "w" iliyompotea Babu ndiyo wanayoiokota watoto kabla hata hawajajua kufunga viatu.

Sasa nirudi bwaloni, maana mtunza saa ataniinulia kengele.

Wanachama wenzangu, nilichowaambia mwaka 2023 kilikuwa nusu ya ukweli. "Kitabu yangu imepotea" inaeleweka. Lakini inaeleweka kwa nini? Kwa sababu kitabu ni kitabu tu, na maisha yanakusaidia, kama mkate na mtoto. Mimi nilichagua mfano rahisi, nikawapumbaza. Hebu nijaribu tena. Mtu akupigie simu usiku akuambie, "Ndege ameanguka." Utamwambia alale. Akikuambia, "Ndege imeanguka," utaruka kitandani. Au waulize wazee wetu waliosoma kabla ya mwaka 2001, adhabu ya viboko ilipopigwa marufuku shuleni: "Kiboko kiko nyuma ya mlango" iliwatoa jasho. "Kiboko yuko nyuma ya mlango" ingewatoa mbio, na mwalimu mwenyewe angekuwa mbele yao.

Wala sisemi kwamba sarufi peke yake yatosha. Ningesimama hapa niseme, "Kimya cha mraba kilimeza Jumatano kwa adabu," ngeli zimepatana, kila kitu kimekaa mahali pake, na hakuna kilichosemwa. Noam Chomsky alitoa mfano wa aina hiyo mwaka 1957 kuonyesha kwamba sentensi yaweza kuwa safi kimuundo na bado isiwe na maana. Tena kuna wakati muundo hukupa milango mingi, ukahitaji maana ikuchagulie. "Juma alimpigia Ali mpira." Watahiniwa mnaijua hii. Aliupiga mpira kuelekea kwa Ali? Aliupiga kwa niaba yake? Alimpigia kwa sababu ya mpira? Muundo unanyamaza hapo, na ni lazima uwe uwanjani kujua.

Basi si mkate na karatasi. Nilikosea mfano. Ningekuwa nimekua karakanani kwa akili zangu zote, ningesema ni mbao na viungo vya mbao. Mbao bila viungo ni kuni. Viungo bila mbao ni misumari ndani ya kopo. Na ukikaa kwenye kiti kizuri, huvioni viungo, mpaka siku kimoja kinapochomoka ukiwa umekalia.

Mtauliza, Babu naye? Fundi Mdogo bado yuko karakanani. Yule mteja hatukumwona tena. Nyumbani sasa tunazungumza na Babu kwa sentensi fupi, tukimtaja mtendaji kwanza, na tukiuliza mara mbili kabla ya kuitikia "ndiyo". Kila wiki anafanya mazoezi, na mara moja moja husema "niletee" badala ya "leta", kisha hutazama pande zote kuona kama tumesikia.

Mwisho wa likizo iliyopita, sasa nikiwa kidato cha tatu, nilikwenda kumuaga. Alikuwa na daftari lake la zamani mapajani, lile ambalo kwa miaka mingi aliandikia vipimo vya wateja. Alilisukuma kwangu kwa mkono wa kushoto.

"Kitabu," akasema. Akatulia. Nikaona mdomo wake unatafuta kitu, unakikosa, unakitafuta tena. "Kitabu... changu. Shika."

Si "yangu". "Changu."

Nililishika. Sikuweza kusema neno, mimi niliyewachekesha watu mia tatu bwaloni.

Bwana mwenyekiti, ikiwa kumbukumbu za mjadala ule bado ziko kwenye kabati la chama, naomba ziandikwe upya mahali pamoja tu. Kura yangu naigeuza.